Wati 2000 kwenye boksi, wati 300 kwenye spika: tusome vizuri nguvu za amplifaya na spika za gari

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila mtu anapouliza amplifaya gani inafaa spika zake, mazungumzo yanaanzia kwenye namba kubwa ya boksi. "Spika zangu ni wati 600, nitafute amplifaya ya wati 600?" Swali ni zuri, ila namba yenyewe haijakamilika. Wati lazima zije na masharti yake: zilipimwa kwa volti ngapi, kwenye ohmu ngapi, sauti ikiwa safi kiasi gani, na kwa muda gani. Ukiyaondoa hayo, amplifaya moja inaweza kuuzwa kwa namba tatu au nne tofauti.

Naanza na redio ya gari kwa sababu hesabu yake kila mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Redio nyingi zimeandikwa 50W x 4. Injini ikiwa inawaka, altaneta inatoa takribani volti 14.4. Redio ya kawaida haina saketi ya kupandisha volti, kwa hiyo 14.4 ndiyo dari yake. Spika ni ya ohmu 4. Kanuni ni ileile ya darasani: volti mara volti, gawanya kwa ohmu. 14.4 mara 14.4 ni 207.36, gawanya kwa 4, unapata 51.84. Hiyo 50 imetoka hapo.

Sasa angalia ilivyopatikana. Ili spika ipokee wati hizo, redio iwe inasukuma volti 14.4 mfululizo, ikigeuza upande tu bila kupita katikati. Hilo ni wimbi la mraba, na masikioni ni mkwaruzo mtupu. Wimbi safi hupanda taratibu hadi kileleni kisha likashuka. Volti yake halisi ya kazi ni kilele gawanya kwa 1.414, yaani 10.2 hivi. Rudia hesabu: 10.2 mara 10.2, gawanya kwa 4, ni wati 26. Ondoa kinachopotea ndani ya saketi, unabaki na wati 17 hadi 22 kwa kila spika. Fungua kijitabu cha redio hiyohiyo, kurasa za mwisho kabisa, mara nyingi namba hiyo ipo kwa herufi ndogo.

RMS ndiyo namba ya kushika. Inaeleza nguvu inayoweza kutoka mfululizo, si kwa kufumba na kufumbua. Peak kwa wimbi safi ni mara mbili ya RMS, kwa hiyo kifaa kilichoandikwa RMS 100 na Peak 200 hakina ugomvi na hesabu. Ugomvi uko kwenye "Max", "Total Power" na PMPO (eti nguvu ya kilele ya muziki). Hizo hazina kanuni inayozifunga, mtengenezaji anaandika anachoona kitamvutia mnunuzi. Kwa maoni yangu, PMPO ingefutwa kabisa kwenye maboksi, haimsaidii mtu yeyote kuchagua kitu chochote.

Kipimo cha pamoja kipo. Mwaka 2003 chama cha watengenezaji wa elektroniki cha Marekani, wakati huo kikiitwa CEA na leo CTA, kilitoa kiwango cha CEA-2006 kwa amplifaya za gari. Masharti yake yako wazi: volti 14.4, mzigo wa ohmu 4, na uchafu wa sauti pamoja na kelele usizidi asilimia 1. Ukiona alama ya CEA-2006 au CTA-2006 kwenye amplifaya, unaweza kulinganisha namba yake na ya kampuni nyingine yenye alama hiyo. Ni kiwango cha hiari, hakuna anayelazimishwa. Kwa vifaa vya nyumbani, tume ya FTC ya Marekani ilishaweka kanuni ya kutangaza wati tangu 1974, lakini kanuni hiyo haikugusa vifaa vya gari. Ndiyo maana upande wa gari namba zimekuwa kubwa kuliko akili.

Amplifaya ikikosa alama hiyo, geuza uangalie fyuzi zake. Amplifaya haiumbi nguvu, inachukua umeme wa betri na altaneta. Chukua ampea za fyuzi, zidisha kwa 14.4, halafu zidisha kwa ufanisi wa aina ya saketi yake: 0.8 kwa Class D (inayopoteza umeme kidogo), 0.5 au 0.6 kwa Class AB (inayopoteza zaidi kama joto). Mfano, amplifaya imeandikwa wati 2000 na ina fyuzi moja ya ampea 30. 30 mara 14.4 ni wati 432 zinazoingia. Kama ni Class D, zitatoka kama 345. Kama ni Class AB, 260 ni nyingi. Fyuzi huvumilia mruko wa muda mfupi juu ya kiwango chake, kwa hiyo hesabu hii si ya maabara, lakini haitakupoteza kwa wati 1700.

Upande wa spika mambo ni tofauti kidogo, na hapa ndipo wengi wanachanganya. Wati za amplifaya ni za kutoa, wati za spika ni za kuvumilia. Spika ya RMS 300 haina sauti kubwa kuliko ya RMS 100 kwa sababu ya namba hiyo. Ni kama mpagazi: kilo anazoweza kubeba hazikuambii anatembea kasi gani.

Kinachokuambia ukubwa wa sauti ni usikivu wa spika, ule unaoandikwa kwa desibeli, mfano 90 dB kwa wati 1 na umbali wa mita 1. Kila ukiongeza desibeli 3 unahitaji wati mara mbili. Spika ya 87 dB ikipewa wati 100 na spika ya 90 dB ikipewa wati 50, zinatoa sauti sawa. Na ili sikio la kawaida lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10 zaidi, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana kutoka wati 80 kwenda 100 hutasikia tofauti ya maana (ni desibeli 1 tu), hata kama bei zinasema vingine.

Angalia pia usikivu ulipimwa vipi. Wengine wanaandika "2.83V/1m" badala ya "1W/1m". Volti 2.83 kwenye spika ya ohmu 8 ni wati 1, lakini kwenye ohmu 4 ni wati 2. Spika ya gari ya ohmu 4 iliyopimwa hivyo imepewa zawadi ya desibeli 3.

Nakaribisha maswali, na mafundi walio humu waongeze.

#2 Mpenda Besi

Mkuu umefafanua vizuri. Ila mimi kila fundi niliyekutana naye ananiambia amplifaya ndogo ndiyo inayoua spika, kwa hiyo ninunue kubwa kuliko spika. Wewe unasemaje?

#3 Mleta mada

Mpenda Besi, kauli hiyo ina ukweli ndani yake ila imefungwa vibaya.

Wati chache peke yake haziui spika. Ungekuwa ukweli, kila spika ingekufa ukipunguza sauti. Spika hufa kwa njia mbili tu: koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inaungua kwa joto, au koni inasukumwa mbali kuliko inavyoruhusiwa mpaka kitu kinachanika au koili inagonga nyuma. Basi.

Sasa amplifaya ndogo inaingiaje? Inapoombwa zaidi ya uwezo wake, inakata vichwa vya mawimbi. Wimbi lililokatwa kabisa linakuwa mraba, na wimbi la mraba lina nguvu mara mbili ya wimbi safi lenye kilele kilekile. Amplifaya ya RMS 50 iliyokabwa mpaka mwisho inaweza kufika karibu wati 100. Kama spika yako ni ya RMS 60, iko hatarini. Kama ni ya RMS 150, koili yake ya besi itavumilia, ingawa utasikiliza takataka.

Jambo kubwa zaidi ni wastani. Muziki haukai kileleni. Wastani wake kwa kawaida uko desibeli 10 hivi chini ya vilele, kwa hiyo amplifaya ya wati 50 inayocheza kwa usafi inatoa wastani wa wati 5 tu. Ukiendelea kuzungusha sauti wakati vilele vimeshagonga dari, vilele haviongezeki, lakini sehemu zilizokuwa chini zinapanda. Wastani unatoka 5 unaelekea 30, 40, 50. Koili inapashwa joto na wastani, haijali kilele.

Na twita, spika ndogo ya sauti za juu, ndiyo inayolipa kwanza. Kukata vichwa vya mawimbi kunazaa masafa ya juu ambayo hayakuwa kwenye wimbo, na krosova (kichujio kinachogawa masafa kwa kila spika) inayapeleka kwa twita. Zaidi ya hapo, twita iliyoandikwa "wati 100" mara nyingi yenyewe inabeba wati chache tu. Ile 100 ni ya seti nzima nyuma ya krosova, kwa sababu nguvu nyingi za muziki ziko chini na krosova inazizuia. Iunge moja kwa moja bila krosova uone.

Kwa hiyo kununua amplifaya yenye RMS inayolingana na spika, au hata mara moja na nusu yake, ni ushauri mzuri kwa mtu anayejua kusimamisha mkono sauti ikianza kukwaruza. Mtu asiyesimamisha mkono ataua spika kwa amplifaya yoyote, ndogo au kubwa.

#4 Mgeni wa Sabufa

Wakuu, naomba msaada. Nina sabufa ya RMS 300, ina koili mbili, kila moja ohmu 4. Amplifaya yangu ya chaneli mbili imeandikwa hivi: 75 x 2 kwa ohmu 4, 120 x 2 kwa ohmu 2, na 240 x 1 kwa ohmu 4 ikibrijiwa (chaneli mbili zikiunganishwa kuwa moja). Nataka hizo 240. Niunge vipi?

#5 Mleta mada

Karibu sana. Jibu fupi: kwa sabufa hiyo hutazipata, na nitakuonyesha kwa nini.

Koili mbili za ohmu 4 ukiziunga sambamba unapata ohmu 2. Ukiziunga kwa mfuatano unapata ohmu 8. Ohmu 4 haipatikani kwa kuunga mbili hizo pamoja.

Ukibriji amplifaya, kila upande unaona nusu ya mzigo. Ile 240 kwa ohmu 4 ni 120 kutoka kila upande ukiona ohmu 2, linganisha na namba zako, zinakubaliana. Sasa ukiweka ohmu 2 kwenye briji, kila upande unaona ohmu 1. Amplifaya yako haijatengenezwa kwa ohmu 1. Itajizima ikiwa na ulinzi mzuri, itaungua ikiwa haina. Usifanye hivyo.

Unabaki na ohmu 8 kwenye briji. Kila upande unaona ohmu 4, unatoa 75, jumla 150. Au usibriji kabisa: koili moja chaneli ya kushoto, nyingine ya kulia, kila moja ohmu 4, 75 na 75, jumla 150 vilevile. Njia ya pili inahitaji chaneli zote zipate ishara moja ya mono na geini (kirekebisho cha ishara inayoingia) zilingane, la sivyo koili zinavutana. Mimi ningechagua mfuatano na briji, kuna vitu vichache vya kukosea.

Usisikitike. Kati ya 150 na 240 kuna desibeli 2 tu. Boksi la sabufa lililokokotolewa vizuri linaweza kukupa zaidi ya hizo bila wati hata moja ya nyongeza. Mara nyingi watu wanatafuta kwenye amplifaya kitu kilichopotea kwenye mbao.

#6 Fundi Umeme

Nimesoma tangu juu, naongeza upande wa geini maana hapo ndipo spika nyingi zinazoletwa kwangu zimefia.

Geini si sauti. Kazi yake ni kulinganisha volti inayotoka kwenye redio na ile amplifaya inayotarajia. Ukiifungua mpaka mwisho huongezi wati, unafanya amplifaya ifike dari mapema, redio ikiwa bado robo.

Njia ya mita ni hii. Chomoa spika. Zima besi busti (kitufe cha kukuza besi), rudisha ekwalaiza kwenye sifuri. Weka redio kwenye robo tatu ya sauti. Cheza toni ya hezi 50 iliyorekodiwa kwa 0 dB (kiwango cha juu kabisa cha rekodi) kama ni sabufa. Weka mita kwenye volti za AC kwenye vituo vya spika. Volti unayoitaka ni kipeuo cha pili cha wati mara ohmu. Kwa Mgeni wa Sabufa, wati 150 kwa ohmu 8: 150 mara 8 ni 1200, kipeuo chake ni 34.6. Panda geini taratibu, ukifika hapo acha. Kwa spika za mlango za wati 75 kwa ohmu 4 ni volti 17.3.

Tahadhari mbili. Mita za bei ndogo hazisomi vizuri AC ya hezi 1000, kwa hiyo kwa spika za juu usiiamini sana. Pili, mita haikuonyeshi kama redio yenyewe inakata mawimbi kabla hayajafika kwenye amplifaya. Hilo linaonekana kwa osiloskopu, au kwa sikio lililozoea.

Na hiyo besi busti, wakuu, naomba tuiogope kidogo. Desibeli 6 ni wati mara nne kwenye masafa hayo, desibeli 12 ni mara kumi na sita. Umepanga amplifaya kwa wati 150 halafu unaomba 2400. Zitatoka wapi?

#7 Mpenda Besi

Fundi, asante. Geini yangu ilikuwa juu kabisa, leo naishusha. Swali jingine: besi ikipiga taa za mbele zinafifia. Nimeambiwa nifunge kapasita. Ni kweli?

#8 Fundi Umeme

Anza na mita kabla ya kununua chochote. Pima volti kwenye betri na kwenye amplifaya kwa wakati mmoja besi ikipiga. Betri ikibaki juu na amplifaya ikashuka, tatizo ni waya au ati (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari). Waya mwembamba, au waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba unaouzwa kama shaba tupu, unakula volti njiani. Ati iliyofungwa kwenye bati lenye rangi nayo hufanya hivyo, ikwangue mpaka chuma kionekane.

Zikishuka zote mbili pamoja, altaneta ndiyo inayozidiwa. Kapasita haizalishi umeme, inahifadhi kidogo na inahitaji kujazwa na altaneta hiyohiyo. Inalainisha pigo fupi, haifuti deni.

Na fyuzi ya waya mkuu ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi. Fyuzi ya kwenye amplifaya hailindi waya unaopita chini ya zulia. Hilo si suala la sauti, ni la moto.

#9 Mleta mada

Hapo kwenye volti niongeze kitu kinachorudi kwenye namba za boksi. Amplifaya nyingi hazina saketi ya kushikilia volti za ndani, kwa hiyo umeme ukishuka nguvu inashuka kwa mraba. Ukizima injini ukabaki na betri ya 12.6, amplifaya iliyokuwa na wati 100 kwenye 14.4 inabaki na kama 77. Ukisoma karatasi mbili, moja imepimwa kwa 12.6 na nyingine 14.4, usizilinganishe bila kusahihisha hilo.

Spika nayo ina tabia yake. Sehemu kubwa sana ya wati unazoipa, karibu asilimia 99 kwa spika ya kawaida, inageuka joto, sauti inapata asilimia 1 au chini yake. Shaba ya koili ukinzani wake unapanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili ikipanda nyuzi 150, ukinzani unakuwa mara 1.6 hivi ya mwanzo, na amplifaya ileile kwa volti zilezile inatoa wati pungufu. Ndiyo maana besi iliyoanza safari kwa kishindo inalegea baada ya nusu saa ya kukaza. Ukiongeza sauti kufidia, unaongeza joto.

#10 Mgeni wa Sabufa

Nimeelewa, naunga kwa mfuatano. La mwisho: boksi langu lina tundu la hewa. Nimesikia sabufa inaweza kufa hata kwa wati chini ya RMS yake. Inawezekanaje wakati tumesema RMS ndiyo ya kushika?

#11 Mleta mada

Inawezekana kabisa, kwa sababu RMS ya spika inaeleza joto zaidi kuliko mwendo. Ukitaka ukubwa uleule wa sauti kwa masafa ya nusu, mfano kutoka hezi 60 hadi 30, koni lazima isafiri mara nne zaidi. Boksi la tundu linaisaidia karibu na masafa liliyotuniwa. Chini ya hapo hewa inaingia na kutoka bila kuizuia koni, inakuwa kama imening'inia nje ya boksi. Wati 100 kwa hezi 20 zinaweza kuifikisha mwisho wa mwendo wake wakati wati 300 kwa hezi 50 zinaichezesha tu.

Tafuta kwenye amplifaya kitufe cha "subsonic", kinachozuia masafa ya chini mno, kiweke hezi chache chini ya masafa ya boksi lako. Boksi likiwa limetuniwa 35, weka 28 au 30. Amplifaya isipokuwa nacho na nyimbo zako zina besi za chini sana, boksi lililofungwa linakufaa zaidi, hewa ya ndani inafanya kazi ya springi.

Kabla hujaunga, pima kila koili kwa mita kwenye ohmu. Koili nzima ya ohmu 4 husoma 3.2 hadi 3.8. Ikisoma ohmu 1 kuna mahali nyaya zake zimegusana, isiposoma kabisa imekatika. Sukuma koni kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa pande zote. Ukisikia inakwaruza ndani, usiipe umeme, tuandikie hapa kwanza.